Waya Uliobaki

Lori lilikuwa limeshapita kituo cha mafuta cha mwisho na daraja la chuma, nami nilikuwa nimeshaanza kuusahau mji ule, kama ilivyo kawaida yangu. Mji nikiupa kisogo siuwazi tena. Miaka arobaini na kitu nimetengeneza betri, jenereta, redio na chochote kinachounguruma, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kurudi mahali nilipokwisha kuondoka. Waliponiita Kiguu na Njia sikuwa na hoja ya kujitetea.

Mbele tulikuwa watatu. Dereva, mtu mnene aliyekuwa anayabania maneno kama mafuta. Mimi katikati, mzigo wangu magotini. Na upande wa dirishani mwanamke wa makamo, buti miguuni, begi la vifaa kifuani, kamba ndefu imezungushwa begani. Alisema ni fundi wa minara ya simu, anakwenda kupanda mnara uliopigwa na radi.

"Na mimi ni fundi," nikamwambia.

"Wa nini, babu?"

"Wa vinavyogoma."

Akacheka, tukawa marafiki. Baada ya muda njaa ikaniuma, nikaanza kufungua mzigo nitoe mkate. Mzigo wenyewe ni blanketi, na blanketi nilikuwa nimelizungushia waya mweusi mara tatu, nikapiga fundo. Mwanamke akautazama ule waya, akaacha kucheka.

"Babu, hapo umefungia nini?"

"Waya tu. Ulibaki."

"Ulibaki wapi?"

"Kazini. Nilibadilisha betri kwenye kiwanda kidogo cha kuchapa vitabu. Nikamaliza, kila kitu kikawaka, huu ukabaki. Sisi mafundi wa zamani tuna kanuni yetu: kitu kikibaki na mashine inatembea, basi hakikuwa na kazi."

Dereva akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu tuondoke. "Ndiyo maana lori langu huligusi."

Mwanamke akazishika ncha za waya, akazigeuza juani. Moja ilikuwa bapa, nyingine ya mraba. "Hiyo betri ilikuwa ya kuzuia kompyuta isizimike umeme ukikatika?"

"Ndiyo hiyo. Sanduku kubwa. Nyaya nene nilizirudisha zote, nyekundu na nyeusi, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Huu mwembamba hata taa ya baiskeli hauwashi."

"Hauwashi kitu, babu. Huu unapeleka habari."

Nikamwambia anieleze polepole, maana mimi darasa la tatu nilisomea mji mmoja, la tano mji mwingine, na la nne sikuonana nalo kabisa.

"Umeme wa ukutani ukikatika," akasema, "sanduku la betri linajua. Kompyuta haijui. Itajuaje? Yenyewe inaona inalishwa kama kawaida, haina habari kwamba chakula sasa kinatoka stoo. Huu waya ndio unaoiambia. Ndani ya kompyuta kuna programu moja iliyokaa kama mlinzi wa getini, haina kazi nyingine ila kusikiliza hapa. Ikipata habari inampelekea mzazi wa programu zote, na mzazi anawatumia watoto ishara: umeme unaondoka, malizeni mlichoshika, fungeni. Ishara ya kwanza ni ya adabu, mtu anamaliza sentensi yake. Asiyetii anapata ya pili, na hiyo haina mjadala, anatolewa kama alivyo."

"Kwa hiyo yote yanazimwa."

"Yanazimwa, au yanalazwa. Mashine ikipangwa ilale, wote wanaambiwa simameni hapo hapo mlipo, hata kama mguu uko hewani. Halafu kila kilichomo kichwani mwa mashine kinaandikwa kwenye diski, ndipo inazima. Umeme ukirudi inasoma ilichoandika, na kila mmoja anateremsha mguu wake palepale. Hakuna kilichopotea."

"Na waya usipokuwepo?"

"Sanduku linalia peke yake kabatini. Kompyuta inaendelea na kazi, haina wasiwasi, mpaka betri inakwisha. Hapo inakatika kama kamba. Kilichokuwa kinaandikwa kinavunjika katikati."

Nikaurudisha mkate ndani ya blanketi. Nilikuwa najua vizuri kilichovunjika, na nilikuwa najua nani anakilipia.

Kile kiwanda kilikuwa vyumba viwili na uchochoro. Chumba cha nyuma kilikuwa na mashine ya kuchapa, cha mbele meza ya kushona vitabu na kompyuta ya kupangia kurasa. Mwenye kukaa kwenye kompyuta ile alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tano hivi, tuliyemwita Mama Kurasa ingawa hakuwa na mtoto. Alikuwa kiziwi tangu utotoni. Aliongea kwa mikono, na kwa asiyejua mikono alikuwa na karatasi ndogo ndogo mfukoni na penseli nyuma ya sikio. Bosi alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Bosi alikuwa na imani kwamba amempa ile kazi kwa hisani. Wengine wote tulijua kwamba bila yule mwanamke kiwanda kingekuwa kinachapa kadi za harusi tu.

Kabla sanduku la betri halijanunuliwa, walikuwa na utaratibu wao. Umeme ukiyumba, wa kwanza kuona anapiga kelele, "Hifadhi!" na mfunga vitabu, mzee mmoja aliyeitwa Gundi, anapiga sakafu ya mbao kwa kisigino mara mbili. Mama Kurasa alikuwa anafanya kazi bila viatu. Sakafu ikimgonga nyayoni, anahifadhi. Sanduku lilipokuja, yeye mwenyewe alisoma kitabu chake cha maelezo kurasa zote, akaipanga mashine ijilaze dakika mbili baada ya umeme kukatika. Tangu hapo hakuna aliyepiga kelele wala kisigino. Sanduku likilia, watu walitabasamu, wakaenda kunywa chai.

Ndipo nikaja mimi na betri mpya.

Wiki sita nilikaa pale, nikilala stoo na kutengeneza hiki na kile. Katika wiki hizo sita kazi ilipotea mara tatu. Walikuwa wanapanga kitabu cha wakunga, kurasa mia tatu na michoro yake, na chama cha wakunga kilikuwa kinakisubiri. Mara ya tatu umeme uliisha katikati ya kuhifadhi, faili lote likavunjika, ikabidi warudi kwenye nakala ya mwezi uliopita. Mchana ule chumba kilikuwa na jua la kutosha, hakuna taa iliyokuwa inawaka wala feni iliyokuwa inazunguka ya kumwonyesha Mama Kurasa kwamba umeme umekwenda. Wengine tulisikia mlio kabatini, tukadhani mambo ni yaleyale.

Bosi alitafuta sababu, akaipata karibu. "Shemeji hasikii mlio. Si kosa lake, lakini ndivyo ilivyo." Jumatatu angekuja mpangaji mwingine, mwenye masikio, na Mama Kurasa angehamia meza ya kushona. Haya aliyasema mbele yangu, kikombe cha chai mkononi mwangu, akaniuliza, "Au vipi, fundi?" Nami nikatikisa kichwa kukubali. Kichwa hiki hiki.

Kilichonichoma zaidi ndani ya lori ni karatasi. Baada ya hasara ya kwanza alinishika mkono, akanipa karatasi ndogo: *Zamani ilikuwa inalala yenyewe. Ulipobadilisha betri uligusa nini?* Nikampungia mkono: sikugusa kitu. Akaenda kwa bosi kuomba ufunguo, maana sanduku lilikuwa limefungiwa kabatini tangu wezi walipowatembelea. Bosi akamjibu, "Fundi amesema hakugusa kitu." Neno langu lilikaa mlangoni mwa lile kabati tangu siku hiyo, na mimi nikilala usingizi wangu vilevile, maana sikufikiri.

"Dereva," nikasema, "simama."

"Hapa hakuna kitu, mzee. Nyasi tupu."

"Kuna barabara ya kurudi."

Akanitazama kama mtu aliyesikia jiwe linaongea, lakini akasimama. Fundi wa minara akakata kipande cha kamba yake, akanifungia mzigo upya kwa fundo ambalo mpaka leo sijajua kulifungua upesi. Waya akanitilia mfukoni.

"Ukishauchomeka usiamini," akaniambia. "Vuta plagi ukutani, uone kwa macho yako. Kitu ambacho hakijajaribiwa bado ni hadithi."

"Na wewe usianguke, mwanangu."

"Nikianguka utasikia kishindo, babu."

Nilitembea karibu saa nzima kabla ya kupata gari dogo lililobeba kreti za chupa tupu. Nikakaa juu ya kreti, chupa zikigongana chini yangu njia nzima, nami nikijaribu kupanga maneno. Wanasema kupotea njia ndiyo kujua njia. Mimi njia nilizijua zote isipokuwa hiyo ya kurudi.

Nilifika baada ya saa nane mchana. Gundi alikuwa mlangoni anakuna gamu iliyokauka vidoleni. Akaniona, akapanua mikono.

"Kiguu na Njia! Njia imekutema?"

"Imenituma."

"Imekutuma nini, mzee mwenzangu? Ulisahau meno?"

"Meno ninayo, ni akili niliyosahau. Bosi yuko?"

Bosi alikuwepo. Amekaa kwenye kiti cha Mama Kurasa, amejipinda mbele ya kompyuta, anaandika kwa vidole viwili kama kuku anayedonoa punje. Mpangaji mpya alikuwa bado hajaja, na wakunga walikuwa wamepiga simu tena. Mama Kurasa alikuwa kwenye meza ya kushona, ameupa ukuta uso, anavuta uzi kwa hasira kiasi kwamba karatasi zilikuwa zinalia.

"Bosi, naomba ufunguo wa kabati."

"Mzee, wewe si umeondoka asubuhi?"

"Nimeondoka, nimerudi. Kosa la mashine ni langu. Kuna waya niliuacha nje. Shemeji yako hana hatia."

Bosi akashusha pumzi. "Mzee wangu, nakuelewa. Una huruma. Lakini huruma haitoi kitabu."

"Sina huruma. Nina aibu, na aibu yenyewe ni yangu mimi."

Nikaona haisaidii. Nikaenda meza ya kushona, nikaomba penseli kwa kidole. Mwandiko wangu ni kama njia ya mbuzi, lakini nikaandika: *Uliniuliza niligusa nini. Niligusa huu.* Nikaweka waya juu ya karatasi.

Akausoma mstari. Akauangalia waya, ncha bapa, ncha ya mraba. Akanitazama muda mrefu hata Gundi akaacha kukuna vidole. Kisha akaigeuza karatasi, akaandika: *Wiki sita.* Akafikiri kidogo, akaongeza: *Ulikuwa unaufanyia nini?*

Nikaandika: *Kufungia mzigo.*

Mabega yake yakaanza kutetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kisicho na sauti, machozi yakimtoka kweli, na sijui mpaka leo ni kipimo gani cha kila kimoja. Akauchukua waya, akaenda mbele ya shemeji yake, akanyoosha kiganja: ufunguo.

Bosi alitutazama sote. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, na mtu aliyechoka hushika sababu ya kwanza anayoiona. "Haya," akasema, akitoa ufunguo. "Tutajaribu mara moja. Mashine ikilala yenyewe na kuamka na kazi yake, kiti ni chake. Isipolala, Jumatatu iko palepale, na wewe mzee utanisaidia kumweleza dada yake."

Gundi akamtafsiria kwa mikono. Walikuwa wamekaa meza jirani miaka tisa, wametengeneza lugha yao ya mikono yenye gamu. Mama Kurasa akakubali kwa kichwa.

Nikaingia kabatini nusu mwili. Ncha ya mraba ikaingia kwenye sanduku kama iliyokuwa inangojewa. Ncha bapa nikaipitisha kwenye tundu la ukuta, yeye akaipokea upande wa pili, akaichomeka. Pembeni mwa skrini kikatokea kialama kidogo cha betri. Akakigonga kwa kucha mara mbili, kama mtu anayebisha hodi kwa rafiki wa zamani.

Hakukurupuka. Kwanza alikinakili kitabu cha wakunga kwenye flashi, akaitia flashi mfukoni. Kisha akafungua ukurasa mtupu, akaandika bila kuhifadhi. Sote tulisoma begani kwake:

*Shemeji akikaa tena kwenye kiti hiki nitamfu*

Akaacha hapo, katikati ya neno. Akainua mikono yote miwili juu, kama aliyekamatwa.

"Nitamfu nini?" bosi akauliza. "Nitamfukuza? Ameandika atanifukuza?"

"Vuta plagi, utajua," Gundi akasema.

Bosi akavuta plagi moja iliyokuwa inalisha chumba kizima: sanduku, printa na feni. Feni ikaanza kupoteza mwendo. Sanduku likalia kabatini. Na Gundi, bila kufikiri, akapiga sakafu kwa kisigino mara mbili, pu, pu, mazoea ya miaka. Mama Kurasa hakugeuka, lakini niliona vidole vyake vya miguu vikijikunja.

Kwenye skrini yakatokea maandishi: umeme umekatika, mashine inatumia betri. Hayo maneno yalikuwa hayajaonekana pale kwa wiki sita. Nikavuta pumzi, lakini nikakumbuka neno la yule wa minara, nikaishika pumzi nusu.

Dakika ya kwanza. Ya pili. Skrini ikawa nyeusi, taa ya diski ikameta, bosi akasema "Aa!" Kisha skrini ikawaka tena. Ukurasa ukarudi, na juu yake ujumbe.

"Imekataa," bosi akasema. Hakusema kwa furaha, nampa haki yake. "Mmeona wenyewe."

Gundi akausoma kwa sauti, ili na mimi nielewe. Mashine ilikuwa imeziambia programu zote zisimame, zote zikasimama isipokuwa moja. Na moja isiposimama, mashine hailali, maana haiwezi kuandika kichwa ambacho sehemu yake bado inatembea.

Sanduku likalia tena. Betri yangu ilikuwa nzuri, dakika kumi kamili, lakini dakika hazirudi stoo. Nilitoka jasho kama niliyekimbia. Mtu mmoja tu hakuwa na haraka. Alifungua orodha ya programu, akashuka nayo kwa kidole mpaka alipomkuta mkaidi. Ilikuwa programu ya printa kubwa ya pale kona.

Akageuka, akamwuliza shemeji yake kwa mikono, na Gundi akatafsiri: "Anauliza, leo umechapa nini?"

"Ukurasa mmoja tu, asubuhi. Karatasi ikakwama, nikaacha."

"Hukufuta?"

"Nitafutaje? Najua kufuta, mimi?"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Programu ile ilikuwa imeshika nusu ya ukurasa mkononi, inangoja printa ijibu, na printa haikuwa kwenye betri. Ilizimika pamoja na ukuta. Mama Kurasa aliitumia ishara ya adabu. Haikutikisika. Akaitumia ile ya pili isiyo na mjadala. Nayo haikuitikisa. Kule kwenye lori sikufundishwa hilo. Nilidhani ya pili inamtoa yeyote. Sanduku likaanza kulia haraka haraka.

"Rudisha plagi," bosi akaniambia mimi. "Rudisha, mzee, tusije tukaua na mashine."

Nilikuwa karibu na ukuta kuliko mtu yeyote. Plagi ilikuwa miguuni mwangu. Nikamtazama Mama Kurasa, naye akanitazama mimi, akanionyesha kiganja: ngoja. Mara moja nilikuwa nimetikisa kichwa nisipopaswa kukitikisa. Nikakanyaga plagi kwa kiatu, nikasimama juu yake.

Akapiga meza kumwita Gundi, akamwonyesha kona, kisha akafunga ngumi na kuivuta kama anayeng'oa jino. Gundi, pamoja na magoti yake mabovu, aliifikia printa kwa hatua tatu, akaingiza mkono nyuma, akang'oa kebo inayoiunganisha na kompyuta.

Programu ilipoona hakuna tena wa kumngoja, ikaachia. Ikatoweka kwenye orodha. Mama Kurasa akabonyeza, akaiambia mashine ijaribu tena.

Skrini nyeusi. Taa ya diski ikawa inameta bila kupumzika. Tulisimama tukiitazama ile taa kama wagonjwa wanaotazama mlango wa daktari. Sanduku lilikuwa linalia sasa bila kukoma. Kisha feni ndogo ya ndani ya kompyuta ikapungua, ikapungua, ikanyamaza. Taa ikazimika. Mama Kurasa akaweka kiganja juu ya mashine, akahakikisha kwamba haitetemeki, ndipo akanipa ishara.

Nikatoa kiatu. Plagi ikarudi ukutani, sanduku likanyamaza, feni ya juu ikaanza kuzunguka. Akabonyeza kitufe.

Kuamka kulichukua muda. Bosi alikuwa ameegemea kiti bila kukikalia. Gundi alikuwa bado ameshika kebo mkononi kama mtu aliyeua nyoka. Ndipo ukurasa ukatokea, ule ule, na kile kimstari kikipepesa mwishoni mwa neno ambalo halijaisha:

*Shemeji akikaa tena kwenye kiti hiki nitamfu*

Mama Kurasa akavuta kiti. Akakaa. Akamalizia:

*ndisha kutumia vidole vyote kumi.*

Gundi alicheka mpaka akakaa chini. Bosi alisoma mara mbili, akajikuna kichwa, na baadaye naye akacheka, kidogo, kama anayelipa kwa shida. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akachukua penseli nyuma ya sikio la shemeji yake, akaandika kwenye karatasi, akamwekea mbele. Sikuisoma. Haikuwa yangu. Yeye aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni pamoja na ile flashi, akageukia kitabu cha wakunga.

Niliomba msamaha wangu kwa maandishi jioni ile, mistari minne, yenye makosa. Alinirudishia imesahihishwa kwa penseli, na chini yake ameandika: *Nimekubali. Makosa mengine yote ni ya herufi.*

Kitabu cha wakunga kilitoka baada ya siku kumi na tisa. Kilichelewa, lakini kilitoka, na kimechapwa mara mbili tangu hapo. Mama Kurasa yuko kwenye kiti kile kile. Mpangaji mwenye masikio aliambiwa asije. Ufunguo wa kabati umetundikwa kwenye msumari, yeyote anaufikia. Bosi alijifunza kufuta karatasi iliyokwama, na sasa anaandika kwa vidole vinne. Printa ilipewa betri yake. Gundi aliacha kazi magoti yalipomshinda. Anakaa kwa binti yake, na aliyeshika meza yake alifundishwa kupiga sakafu kwa kisigino mara mbili, ingawa mashine inalala yenyewe. Dereva wa lori alinipakia tena mwaka uliofuata, hakunikumbuka. Fundi wa minara alishuka salama siku ile. Nilimpigia simu kwa namba aliyoniachia kwenye lori, akapokea akiwa juu ya mnara mwingine. Mimi nilikaa pale mpaka kitabu kilipotoka, kisha nikaondoka. Nimerudi mara mbili. Mzigo wangu naufunga kwa ile kamba.